Kifurushi gani kinaifaa nyumba ya Lubumbashi? Tathmini ya televisheni ya kulipia kwa dishi

Mwenye nyumba wa komuni (tarafa ya mji) ya Katuba, Kenya au Kampemba hapa mjini anayeingia katika duka la dekoda hupewa karatasi yenye safu tatu au nne za vifurushi, kila safu ikiwa na chaneli nyingi kuliko iliyotangulia na bei ikipanda pamoja nazo. Karatasi hiyo haimwambii mambo mawili anayohitaji kuyajua kabla ya kutoa dola zake: ni jioni ngapi za mwezi ataweza kutazama alichokinunua, na ni chaneli ngapi kati ya hizo mia na zaidi zitakazofunguliwa kweli na watu wa nyumbani kwake. Nimekuwa mteja wa huduma hizi kwa miaka mingi hapa Lubumbashi. Nimewahi kulipia kifurushi cha chini, cha kati na cha juu, na hukumu yangu naitoa mapema. Kwa nyumba nyingi za mji huu kifurushi cha juu ni fedha iliyopotea, kifurushi cha chini kinatosha kuliko wauzaji wanavyokubali, na tofauti ya bei ingefaa iwekwe kwenye dishi kubwa zaidi na betri nzuri.

Mpango huu wa ngazi haukubuniwa kwa ajili yetu. Ulianza Marekani, katika miji midogo iliyozingirwa na milima ambako mawimbi ya televisheni hayakufika vizuri. Huko Pennsylvania, mwishoni mwa miaka ya 1940, wauzaji wa televisheni walisimamisha antena moja ndefu mlimani, wakashusha waya hadi majumbani, na kila nyumba ikalipa ada. Kilichouzwa wakati huo kilikuwa picha safi tu ya vituo ambavyo mtu wa mji mkubwa alivipata bure. Mambo yalibadilika HBO ilipoanzishwa mwaka 1972 kama chaneli inayolipiwa juu ya ile ada ya kawaida, na zaidi mwaka 1975, ilipotumia setilaiti kuwaonyesha wateja wake pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier kutoka Manila. Wakongo tunalikumbuka zaidi pambano lililotangulia, la Ali na George Foreman mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, ambalo Wamarekani walilitazama kwa kukata tiketi za kumbi. Mwaka mmoja tu baadaye ngumi za Ali zilikuwa zimegeuka kuwa sababu ya kulipia televisheni ndani ya nyumba, na biashara hiyo haijarudi nyuma tangu hapo.

Kutoka hapo ndipo lilipopatikana umbo la karatasi tunayopewa dukani leo. Kampuni inayosambaza hainunui chaneli moja moja kama mtu anunuavyo nyanya. Hununua kwa jumla kutoka kwa wenye chaneli, na mara nyingi mwenye chaneli inayopendwa hutaka zichukuliwe pia zile zake zisizo na watazamaji wengi. Haki za mpira wa miguu ndizo zenye gharama kubwa kuliko zote, kwa hiyo mpira mkubwa huwekwa juu ya ngazi, mahali ambapo asiyeweza kuvumilia kuukosa atapanda tu. Ngazi za chini hujazwa habari, katuni, dini, muziki na tamthilia za marudio. Idadi ya chaneli hukuzwa kwa njia ambazo mnunuzi anapaswa kuzitambua, kwa kuwa redio huhesabiwa, chaneli ileile huhesabiwa mara mbili ikiwa inapatikana kwa picha ya kawaida na kwa picha ya ubora wa juu, na vituo vya nchi jirani huongezwa hata pasipo mtu wa kuvitazama.

Lubumbashi iko mahali pa pekee katika soko hili, kwa sababu lugha mbili za biashara hukutana hapa. Kutoka upande wa Kifaransa kuna Canal+, iliyoanza kurusha matangazo Ufaransa tarehe 4 Novemba 1984 na ambayo leo ndiyo jina la kwanza linalomjia Mkongo anapotaja dekoda. Kutoka upande wa kusini kuna DStv ya MultiChoice, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 1995, yenye chaneli zake za michezo za SuperSport na ulimwengu wake wa Kiingereza, ambayo watu wa huku wameizoea kwa sababu ya safari za Kasumbalesa, mji wa mpakani, na Zambia. Mnamo Septemba 2025 Canal+ ilichukua udhibiti wa MultiChoice, kwa hiyo majina mawili ambayo mnunuzi angeyapambanisha ili apate bei nzuri sasa yako mikononi mwa mwenye mali mmoja. Kuna pia StarTimes ya China, iliyojenga jina lake Afrika kwa bei za chini, na kuna Azam TV ya Tanzania, iliyozaliwa mwishoni mwa mwaka 2013, ambayo kwa msemaji wa Kiswahili ina mvuto ambao wengine hawana. Ni vizuri kukumbuka kwamba haki za kuonyesha vipindi huuzwa nchi kwa nchi. Dekoda iliyosajiliwa ng'ambo ya mpaka hulipiwa kwa utaratibu wa huko, na siku itakapofungwa hakuna duka la Lubumbashi litakalowajibika.

Sasa tuupime mzigo wenyewe. Katika nyumba yetu watoto hutazama chaneli mbili za katuni, mke wangu hufuatilia tamthilia katika chaneli moja na filamu za Nigeria katika nyingine, mimi nafuata habari na mpira, na wageni wakija tunaweka muziki. Hizo ni chaneli saba au nane kwa ukarimu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kifurushi cha kati chenye chaneli 150 ni dola 20 kwa mwezi: muuzaji atakuonyesha kwamba kila chaneli inakugharimu chini ya senti 14, na hesabu yake ni sahihi, lakini gharama halisi ya kila chaneli inayotazamwa ni dola 2 na nusu. Kifurushi cha chini cha dola 10 chenye chaneli sita kati ya zile nane kinashusha gharama hiyo hadi chini ya dola 1 na senti 70. Kila mnunuzi afanye hesabu hii kwa majina ya chaneli, akiiweka karatasi ya dukani karibu na orodha iliyoandikwa na watu wa nyumbani kwake, watoto wakiwamo. Nimeona mara nyingi kwamba chaneli inayomsukuma mtu apande ngazi nzima ni moja tu.

Chaneli hiyo moja kwa kawaida ni ya mpira, nami siwezi kumlaumu mtu wa mji huu kwa hilo. Mji uliowaona TP Mazembe wakitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009, wakautwaa tena mwaka 2010, kisha wakaenda Abu Dhabi kucheza fainali ya dunia ya klabu dhidi ya Inter Milan, na wakaunyanyua tena ubingwa wa Afrika mwaka 2015, hauwezi kuambiwa kwamba mpira ni anasa. Hata hivyo, mpira una majira. Abonema, yaani ada ya dekoda, hulipwa mwezi kwa mwezi, na hakuna kinachomzuia mteja kupanda ngazi katika miezi ya mechi za mwisho za mashindano makubwa kisha akashuka ligi zinapopumzika. Wauzaji hawaitangazi njia hii ya kushuka kwa bidii wanayotumia kutangaza kupanda; hata ile zawadi ya kufunguliwa kifurushi cha juu kwa muda mfupi baada ya malipo imepangwa ili watu wa nyumbani wazoee na waone uchungu wa kurudi chini. Mteja anayejua hivyo anaweza kuifurahia zawadi na kushuka bila kinyongo. Kabla ya kupanda katikati ya mwezi, aulize kwanza ikiwa ile tofauti inahesabiwa kwa siku zilizobaki au inatozwa nzima, kwa maana kulipa tofauti ya mwezi mzima kwa ajili ya siku tano za mwisho ni hasara tupu.

Upungufu mkubwa kuliko wote kwangu ni wa lugha, na hapa nitakaa kidogo. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Ni lugha ya soko, ya kanisa na ya uwanja wa mpira hapa Lubumbashi, na ndiyo lugha ambayo wazee wetu wanaielewa kikamilifu. Lakini katika vifurushi vinavyouzwa zaidi mjini, Kifaransa ndicho kinachotawala. Tamthilia za Brazil, za Uturuki na za India zinatafsiriwa kwa sauti ya Kifaransa, na filamu za Nigeria vilevile. Jioni unamwona mtoto wa darasa la tano akimfafanulia nkambo yake (bibi au babu) kwa nini bwana yule amemfukuza mkewe, huku nkambo akiuliza swali jingine na mtoto akiwa amekwisha kukosa sehemu iliyofuata. Nkambo huyo ni mtazamaji kamili, anayekaa mbele ya kioo saa nyingi kuliko yule anayelipa, na kifurushi hakikumfikiria.

Ushahidi kwamba jambo hili linawezekana upo. Canal+ yenyewe ina Maboke TV kwa ajili ya watazamaji wa Kilingala, na nchini Rwanda ina Zacu TV ya Kinyarwanda. StarTimes ina ST Swahili, DStv ina Maisha Magic Bongo, na Azam ina Sinema Zetu pamoja na ligi kuu ya Tanzania, ambayo Wakongo waliifuata kwa hamu tangu mshambuliaji wetu Fiston Mayele alipotoka AS Vita Club ya Kinshasa kwenda Yanga ya Tanzania mwaka 2021. Mwaka huohuo Azam ilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za ligi hiyo wenye thamani ya shilingi za Tanzania bilioni 225.6, jambo linaloonyesha kwamba soko la mpira unaotangazwa kwa Kiswahili si dogo. Kwa nyumba ambayo Kifaransa hakieleweki na watu wote, ningeweka kigezo hiki juu ya idadi ya chaneli na hata juu ya ubora wa picha.

Wala si lazima kuanzisha chaneli nzima. Televisheni ya kidijitali inaweza kubeba sauti zaidi ya moja juu ya picha ileile, na mtazamaji akachagua lugha kwa rimoti. Picha ya kawaida iliyobanwa inaweza kuhitaji megabiti 3 kwa sekunde, wakati sauti moja nzuri inatosheka na kilobiti 128, yaani chini ya sehemu moja ya ishirini. Nafasi ya setilaiti ndiyo bidhaa ghali ambayo kampuni inaikodi, na sauti ya Kiswahili ingechukua kipande chake kidogo sana. Gharama iliyobaki ni ya waigizaji wa sauti na watafsiri, na watu hao wapo Lubumbashi: wamo katika michezo ya kuigiza ya redio, katika vikundi vya maigizo na katika vyumba vya habari. Ningependa kila mteja anayepiga simu kwenye huduma ya wateja kwa sababu nyingine yoyote aongeze ombi hili kabla ya kukata, kwa sababu ombi lisilotolewa halihesabiwi popote.

Tukitoka kwenye kifurushi tunafika kwenye paa. Picha ya dishi hutoka kwenye setilaiti iliyoko takriban kilomita 35,786 juu ya ikweta, inayozunguka pamoja na dunia kiasi kwamba huonekana imesimama mahali pamoja. Kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 11 na nusu, dishi la Lubumbashi hutazama upande wa kaskazini, likiinamia mashariki au magharibi kulingana na setilaiti ya kampuni. Mji wetu una miembe mingi, na mwembe uliokuwa mfupi siku ya kufunga dishi utakuwa umeziba njia ya mawimbi baada ya miaka michache, hasa unapojaa majani mapya. Ni vema kumwonyesha fundi mti huo tangu mwanzo, hata kama leo hauleti tatizo.

Mvua ni habari nyingine. Madishi madogo tunayouziwa hupokea mawimbi ya urefu wa takriban sentimita 2 na nusu, na mawimbi mafupi namna hiyo humezwa na kutawanywa na matone makubwa ya mvua. Kuanzia Novemba hadi Machi, wingu zito la alasiri likipita, picha inaanza kukatika vipande vipande kisha maandishi ya kukosa mawimbi yanatokea. Wateja wengi huamini kwamba kampuni imezima au kwamba dekoda imeharibika, na huko ndiko fedha za bure zinakotoka kwenda kwa mafundi. Tiba iliyopo ni ukubwa wa dishi. Eneo la dishi la sentimita 80 ni karibu mara 1.8 ya eneo la dishi la sentimita 60, na lile la sentimita 90 ni mara 2.25, kwa hiyo hukusanya mawimbi zaidi na kubaki na akiba mvua ya kawaida inapopita. Ngurumo kubwa ya Januari italizima hata hilo, lakini kwa dakika chache badala ya jioni nzima. Dishi kubwa lina masharti yake pia: hulenga eneo jembamba zaidi la anga, kwa hiyo likisogea kidogo tu picha hupotea, na upepo hulisukuma kwa nguvu zaidi. Linahitaji nguzo ya chuma iliyozikwa kwenye saruji, si kipande cha mbao kilichopigiliwa kwenye boriti ya paa.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kufungiwa dishi na fundi aliyetumwa na duka moja la mjini, ambalo sitalitaja, akalipachika kwenye mbao, akapata picha katika chaneli ya kwanza, akapokea fedha na kuondoka. Chaneli nyingine nyingi hazikufunguka kamwe. Kampuni moja hugawa chaneli zake katika masafa mbalimbali na katika mielekeo miwili ya mawimbi, wa wima na wa mlalo, hivi kwamba picha nzuri katika chaneli moja haithibitishi kwamba zote zinafika. Mteja anapaswa kukaa na fundi mbele ya televisheni na kupitia orodha ya chaneli za kifurushi chake kabla ya ngazi kuondolewa ukutani. Aombe pia kuona kipimo cha nguvu na cha ubora wa mawimbi ndani ya menyu ya dekoda, na ayaandike matokeo. Siku nyingine picha ikikatika bila mvua, namba hizo zitamwambia mara moja ikiwa dishi limesogea au tatizo liko kwingine, pengine kwenye kichwa cha dishi kilichoingia maji au kwenye kiungo cha waya kilichoshika kutu.

Baada ya malipo huja jambo ambalo maduka hayalielezi vizuri. Picha zote za kampuni zinamwagika juu ya nchi nzima, juu ya nyumba ya aliyelipa na ya asiyelipa, zikiwa zimefungwa kwa msimbo ambao funguo zake hubadilishwa kila baada ya sekunde chache. Kadi iliyo ndani ya dekoda inaruhusiwa kuzisoma funguo hizo baada tu ya kupokea ujumbe wa ruhusa, na ujumbe huo unashuka kutoka setilaiti pamoja na picha. Dekoda isiyowashwa haiupokei. Anayelipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money wakati umeme umekatika, kisha akawasha siku mbili baadaye, anaweza kukuta chaneli bado zimefungwa, kwa kuwa kampuni hairudii ujumbe wa kila mteja bila kikomo. Dawa yake ni kuwasha dekoda, kuiacha kwenye chaneli mojawapo ya kifurushi kwa muda, na ikishindikana kuomba ujumbe utumwe upya. Hakuna sababu ya kumlipa mtu yeyote kwa ombi hilo, na risiti ya simu yenye namba ya dekoda ndiyo kinga ya mteja. Kosa la tarakimu moja humfungulia mtu mwingine televisheni, na bila risiti hutakuwa na la kusema.

Kuhusu intaneti nitasema kwa kifupi, kwa kuwa vijana wengi sasa wanauliza dekoda ni ya nini. Video ya megabiti 3 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 1.35 kwa saa, kwa hiyo mechi moja pamoja na mapumziko inakaribia gigabaiti 2.7. Anayenunua mega za simu kwa wiki ataona mwenyewe kwamba mechi chache humaliza bei ya abonema ya mwezi. Setilaiti, kinyume chake, haijali ni nyumba ngapi zinatazama, na gharama ya kumfikia mtazamaji wa komuni ya Ruashi haiongezeki kwa sababu jirani yake naye amewasha. Kwa nyumba yenye intaneti isiyo na kikomo hesabu ni tofauti, lakini nyumba hizo bado ni chache katika komuni nyingi za mji, na kwa sasa dishi linashinda bila shida.

Linaloniumiza zaidi ni namna mwezi unavyohesabiwa. Abonema hukimbia kwa siku za kalenda, kuanzia siku ya kulipa, bila kujali kama televisheni imewaka. Katika mitaa mingi ya Lubumbashi umeme hupatikana kwa zamu. Kuna wiki ambazo nyumba hupata jioni tatu tu, na kuna wakati ambapo transfoma ya mtaa huungua na watu wakakaa gizani mpaka wenyewe wachange fedha za matengenezo. Siku hizo zote zinahesabiwa kwenye abonema kana kwamba zilitazamwa. Nyumba yenye jioni 15 za umeme kwa mwezi inalipa, kwa kila jioni, mara mbili ya bei iliyoandikwa kwenye karatasi. Kadiri kifurushi kinavyokuwa cha juu ndivyo fedha nyingi zaidi zinavyopotea gizani, na hiyo ndiyo sababu kuu ya mimi kupendekeza ngazi ya chini hata kwa mtu mwenye uwezo wa kulipia ile ya juu.

Tofauti inayookolewa kwa miezi kadhaa inanunua betri. Televisheni ya LED ya inchi 32 hutumia karibu wati 40, na dekoda karibu wati 15. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Ukiitumia nusu tu ili isife mapema, na ukitoa kinachopotea katika kugeuza umeme, unabaki na wati-saa kama 500, yaani takriban saa tisa za kutazama. Kwa jioni mbili au tatu bila umeme hiyo inatosha, na betri hiyohiyo huwasha taa za watoto wanaosoma. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa zinakula umeme mwingi zaidi, kwa hiyo mwenye nayo aanze kwa kubadilisha televisheni kabla ya kufikiria kifurushi. Kifaa cha kulinda dekoda dhidi ya umeme unaorudi kwa nguvu ni cha lazima kwa wote. Dekoda nyingi zinazofika kwa mafundi zimeuawa na dakika ile ya kwanza ya umeme kurudi.

Upande wa kampuni, suluhisho linajulikana na linatumika tayari: StarTimes imekuwa ikiuza abonema za siku moja na za wiki katika baadhi ya nchi za Afrika. Mahali chaguo hilo linapopatikana, lichukuliwe kwanza, hata ikiwa bei ya siku moja ni kubwa kidogo kuliko sehemu ya thelathini ya mwezi, kwa sababu mteja analipa akiwa ameshaona kwamba taa inawaka. Mauzo ya aina hii hayamtii hasara msambazaji, kwa kuwa ujumbe wa kufungua kadi kwa siku 7 ni uleule wa kufungua kwa siku 30, na malipo kwa simu yanafanyika kwa kiasi chochote. Duka lolote la dekoda mjini litakaloandika siku 7 kwenye karatasi yake ya bei, kwa vifurushi vyote na si kwa kimoja tu, litanipata mimi na majirani zangu wengi mlangoni, na wiki za mechi kubwa tutalipia hata kile cha juu.